Tube Mbili za Jumatatu

"Citoyenne, wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja, masharti ya chakula yale yale. Kwa nini mmoja anawaka kila Jumatatu, na mwingine hawaki?"

Niliulizwa swali hilo asubuhi yangu ya kwanza kazini, nikiwa bado natafuta mkono wa blouse nyeupe, koti la kazi, niliyopewa. Aliyeuliza alikuwa mkuu wa labo, maabara ya hospitali yetu ya Bukavu, Citoyen Zihalirwa, ambaye sisi wote tulimwita Chef. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, tulipoitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata kwenye foleni ya mikate. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu cha Kisangani na shahada ya biolojia, na nilikuwa nimezoea kuuliza, si kuulizwa. Nilidhani nitapewa darubini na ofisi. Nilipewa kiti kirefu kisicho na mgongo, taa ya pombe, na kishikizo cha mbao chenye tube mbili.

Tube, kwa ninyi mnaofanya kila kitu kwa vijikaratasi na mashine, ni kile kichupa chembamba cha kioo kilicho wazi juu. Tulikuwa tukitia ndani yake dawa ya bluu yenye shaba, tunaongeza matone ya mkojo wa mgonjwa, kisha tunachemsha. Mkojo usio na sukari uliiacha dawa na bluu yake. Sukari ikiwa kidogo, rangi iligeuka kijani. Ikiongezeka, ilikuwa njano, kisha machungwa, na mwisho rangi ya tofali lililochomwa. Hapo tulisema tube imewaka.

Tube moja kati ya zile mbili ilikuwa imewaka. Ilikuwa na karatasi yenye jina: Nsimire, wadi ya wanawake. Nyingine ilikuwa na bluu inayoelekea kijani kidogo, na haikuwa na jina.

"Hii ya pili ni ya nani?" nikauliza.

"Wa nje. Anajitahidi," akasema Chef. "Jibu swali kwanza."

Nilijibu kwa haraka ya mtu aliyemaliza chuo juzi. Nilisema labda dawa imeharibika, labda kishikizo kilichanganywa, labda yule maman anadanganya. Chef alifuta miwani yake kwa pindo la blouse, taratibu, kama mtu ambaye hana mgonjwa mwingine siku hiyo.

"Umeshitaki dawa, umemshitaki mwenzako, umemshitaki mgonjwa. Sasa tafuta ushahidi wa hata mmoja."

Ndivyo kazi yangu ilivyoanza.

Nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu, na nadhani Chef alinipenda kwa sababu hiyo, ingawa hakuwahi kulisema. Wiki ile nilitengeneza upya dawa ya bluu. Nilipima maji ya bomba, nikapima maji ya mvua, nikapima mkojo wangu mwenyewe. Yote yalibaki bluu. Nilishuka jikoni kuangalia sahani ya mgonjwa: maharagwe, mchicha tunaouita lengalenga, kipande cha bugali kisichozidi ngumi. Mpishi aliniuliza kama nimetumwa na Usalama wa Taifa. Siku nyingine zote za wiki tube ya Maman Nsimire ilirudi na kijani chake cha kawaida, na Jumatatu iliyofuata ikawaka tena kama jiko la matofali.

Huenda msomaji atauliza rangi ya mkojo inamhusu nani. Ilimhusu Maman Nsimire, kwa sababu ya mguu wake.

Alikuwa mwanamke wa mtaa wa Kadutu, mwuza vitambaa na kiongozi wa kwaya ya parokia yao. Jumamosi moja, kwenye Salongo, ile kazi ya umma ambayo kila mtu alilazimika kuifanya, jembe la jirani lilimgusa kidole gumba cha mguu. Kidonda kidogo. Mtu mwingine angekisahau kabla ya Jumamosi ya pili. Chake kilikataa kupona, kikatoa usaha, kikaanza kuwa cheusi pembeni. Alipoletwa hospitali, amekonda, anakunywa maji usiku kucha, ndipo ilipojulikana kuwa ana ugonjwa wa sukari.

Acha nieleze, maana wengi bado wanalichanganya jambo hili. Sukari yote tunayokula huishia kwenye damu, na damu huipeleka mwilini kama kuni. Ili kuni ziingie ndani ya nyumba, mlango unahitaji ufunguo, na ufunguo huo ni insuline, inayotengenezwa na kongosho. Ufunguo ukikosekana, au kufuli likichoka kwa kufunguliwa ovyo miaka mingi, kuni zinabaki njiani. Damu inakuwa tamu na mwili una njaa. Figo zinajaribu kuitoa sukari pamoja na maji, ndiyo sababu ya ile kiu. Mishipa midogo inaharibika: ya macho, ya figo, ya miguu. Kidonda kwenye mguu wa namna hiyo hakipati damu nzuri ya kukiponya, na wadudu wa usaha wanapata karamu.

Médecin Directeur, daktari mkuu wa hospitali, bwana mrefu aliyependa kusema kwa kifupi, alikuwa ametoa uamuzi wake mbele ya kitanda. Kama weusi ungepanda juu ya kidole, angekata chini ya goti. Maman Nsimire alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amewahi kuona mtu anayeongoza kwaya akiwa amekaa. Docta aliandika insuline na masharti ya chakula, akaondoka.

Nilikwenda kumwona mwenyewe. Nilikuta maman mwenye sauti nene kuliko mwili wake, kichwa kimefungwa kitambaa cha manjano.

"Maman, unakula sukari?"

"Weye uko mutoto ya nani?"

Nikamwambia. Alimfahamu shangazi yangu wa Nyawera, na hapo ndipo niliporuhusiwa kuendelea.

"Tangu Docta anikataze," akasema, "sukari haijaingia mu kinywa yangu. Hata chai nakunywa ya chungu. Naapa mbele ya Mungu na mbele ya huu muguu."

Nilimtazama usoni, nikamwamini. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kama ningemshuku, kwa sababu sasa nilikuwa na shahidi mkweli na tube iliyowaka, na vyote viwili haviwezi kuwa sawa.

Nilimrudia Chef. Ilikuwa saa ya chai. Labo yetu ilikuwa na thermos moja na kopo moja la sukari, ambayo miaka ile ilikuwa ikipatikana kwa kubahatisha, ingawa miwa ilikuwa inakua pale chini kwenye bonde la Ruzizi. Kila mtu alijaza kijiko mpaka kikamwagika, isipokuwa Chef. Yeye alikunywa chai tupu, na wenzetu walimcheka kwamba ubahili wake umefika mahali pa kujinyima hata mwenyewe. Hakukasirika. Jibu lake lilikuwa lile lile siku zote: "Mimi nimeshakula fungu langu."

Nilimwambia kwamba dawa ni nzima, jiko ni safi, na mgonjwa ni mkweli. Akaniuliza ni siku gani sijaiona wadi. Nikafikiri. Jumapili, nikasema, maana Jumapili sifanyi kazi.

"Basi Jumapili hii nenda ukasali mapema."

"Chef, unajua kitu?"

"Nashuku tu. Lakini mimi siendi wadini siku ya wageni."

Sikumwuliza kwa nini. Ninyi mnaonijua mtashangaa.

Jumapili ile, baada ya misa, kwaya yote ya Kadutu ilipanda kilima cha hospitali. Walikuja wamejifunga pagne, vitenge vya aina moja, wakiimba polepole ili wasiwaamshe wagonjwa, jambo ambalo halikufanikiwa. Mbele alitembea Maman Cibalonza, rafiki wa Maman Nsimire tangu wakiwa wasichana, akiwa na beseni la enamel kichwani lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Aliliteremsha kando ya kitanda, akafunua. Ndani mlikuwa na chupa zilizojaa kinywaji chekundu, chekundu kama damu ya kuku.

Grenadine. Waliipika wenyewe: sukari, maji, na unga wa rangi nyekundu wa dukani. Maman Cibalonza akajaza bilauri, akaipeleka mdomoni mwa rafiki yake kwa mkono wake mwenyewe, na kwaya ikaendelea kuimba mpaka bilauri ikawa tupu. Halafu akajaza nyingine.

"Maman," nikasema, "hiyo ni sukari."

Uimbaji ulikatika. Maman Cibalonza alinigeukia kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto aliyekosea jina la babu yake.

"Hapana, mutoto yangu. Hii haiko sukari. Hii iko damu."

Maman Nsimire naye aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amenidanganya. Docta alimkataza sukari, ile nyeupe ya kwenye kopo, naye alitii. Hakuna aliyemkataza damu. Na yeyote aliyemwona, amekonda na amechoka vile, aliweza kuona kwamba damu imempungukia. Bukavu nzima ilijua kitu chekundu kinaongeza damu: mama aliyejifungua alipewa, mtoto aliyetoka kwenye malaria alipewa, na hakuna mtu mwenye heshima aliyekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu.

Nilianza hotuba. Nilitaja glucose, nilitaja kongosho. Maman Cibalonza alinisikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akanimaliza.

"Mutu akitoa damu hapa ku hospitali, munamupatiaka nini?"

Tulikuwa tunampa chupa ya sucré, soda nyekundu. Infirmier, yaani muuguzi, alimpa mkononi, mbele ya watu wote, akimwambia anywe ili arudishe nguvu.

"Njo vile," akasema Maman Cibalonza. "Si ninyi mulitufundisha?"

Niliomba chupa moja kwa ajili ya labo. Alinipa mbili, na kesho yake asubuhi akanifuata mwenyewe, kwa sababu hakuwa mtu wa kuhukumiwa akiwa hayupo. Tube ya rafiki yake ilikuwa imewaka kama kawaida ya Jumatatu. Nikachukua grenadine, nikaipunguza kwa maji mpaka wekundu ukawa hafifu, nikatia dawa ya bluu, nikachemsha. Nilichemsha tena. Ilikuwa bluu yenye zambarau kidogo, na ikabaki hivyo hivyo. Haikugeuka kijani. Haikugeuka njano.

Maman Cibalonza aliinama, akaitazama tube kwa jicho moja.

"Unaona sasa? Na dawa yako inasema haiko sukari." Alijifunga pagne upya. "Pole, Munganga wa mikojo. Masomo iko mengi, utafika."

Wenzangu walicheka mpaka alipofika getini, na jina la Munganga wa mikojo nililibeba miaka mingi baada ya hapo. Chef hakucheka. Alikuja, akaiangalia tube, akaangalia uso wangu.

"Weusi umefika wapi?" akauliza.

"Umefika kwenye shina la kidole. Docta ameandika jina lake kwenye programu ya upasuaji wa Jumatano, siyo hii wala ile inayofuata, ile ya tatu."

"Basi huna wakati wa kuona aibu."

Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani, nikiteremka kuelekea ziwani, na nilikuwa karibu kuingia kwenye lango letu aliponijia akilini yule profesa wetu wa kemia wa mwaka wa pili akiwa na chaki masikioni. Sukari ya mezani si sukari moja. Ni sukari mbili ndogo zilizoshikana mikono, na dawa ya bluu huzitambua zikiwa peke yake tu. Zikishikana, inapita bila kuziona. Tumboni mwa mtu zinaachanishwa mara moja. Kwenye tube unahitaji asidi kidogo ya kuziachanisha, moto, kisha bicarbonate ya kuituliza asidi. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani, na nikalisahau siku nilipolihitaji.

Nilitaka nimwite Maman Cibalonza labo kesho yake. Chef alikataa. Alisema rafiki mmoja akiaibishwa peke yake chumbani, kwaya haitaamini, na mgonjwa ataendelea kunywa. "Fanyia pale walipokuwa wanaimba," akasema. Na ingawa alikuwa na desturi ya kutokwenda wadini siku ya wageni, Jumapili ile alikuja, akabeba kishikizo mwenyewe.

Tuliweka meza kwenye varanda ya wadi ya wanawake. Maman Nsimire alitolewa nje kwa kiti. Kwaya ilijipanga kando ya ukuta, na wagonjwa wengine wenye nguvu wakajikokota mpaka mlangoni. Maman Cibalonza, ambaye hakuwa na kinyongo, alimjazia Chef bilauri ya grenadine kwa heshima ya cheo chake. Chef aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani bila kuinywa, akasema ameshakula fungu lake. Waimbaji wawili walitazamana.

Sikuanza na grenadine. Nilianza na sukari nyeupe, nikamwomba Maman Cibalonza aionje kwanza kwa kidole, kisha aitie ndani ya tube kwa mkono wake. Maji, dawa ya bluu, moto. Ikabaki bluu.

"Hii ulionja ni nini?" nikamwuliza.

"Sukari."

"Na dawa inasema nini?"

Akaitazama tena tube. "Inasema haiko."

"Basi dawa yangu ina macho mabaya. Umenishinda kwa haki wiki iliyopita. Sasa tuisaidie kuona."

Nikatia asidi katika tube mbili mpya, moja ya sukari yake nyeupe na moja ya grenadine yake, nikaeleza kwamba hii ndiyo kazi ya tumbo. Nikachemsha, nikatuliza kwa bicarbonate mpaka povu likaisha, nikaongeza bluu, nikarudisha motoni. Zilianza pamoja. Kijani, njano, machungwa, halafu tofali. Chef alileta tube ya tatu, ile ya Jumatatu ya mgonjwa, akaiweka katikati. Zote zilikuwa na rangi moja.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya ushindi, lakini nilipomwona Maman Cibalonza akiutazama mguu wa rafiki yake uliofungwa bandeji, yalinikauka. Alikuwa ameipika ile grenadine kila Jumamosi, baada ya Salongo, akiwa na mikono yenye malengelenge.

Ni Maman Nsimire aliyesema kwanza.

"Cibalonza, miye nilikunywa. Haukunishika kwa nguvu."

"Nilikushikia bilauri."

"Ulinishikia bilauri. Na kesho utanishikia nini?"

Maman Cibalonza alinigeukia mimi, na safari hii hakukuwa na dharau. "Sasa tutakuya na mikono butupu? Batasema nini ku parokia?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na chuoni hawakutufundisha jibu lake. Unaweza kumwondolea mtu sukari kwa karatasi ya daktari. Huwezi kumwondolea rafiki haki ya kuleta kitu. Ni Chef aliyejibu, akiwa anapangusa miwani.

"Leteni maharagwe, bamaman. Nayo ni mekundu."

Mmoja alianza kucheka, halafu wote. Maman Cibalonza alipinga kwamba maharagwe siyo zawadi, maharagwe ni chakula cha kila siku, mtu atayafunikaje maharagwe kwa kitambaa cha kufuma. Lakini Chef alishikilia, akaeleza kwamba maharagwe na lengalenga yana chuma, na chuma ndicho damu inachotengenezwa nacho, kwa hiyo hakuna anayewanyang'anya ile kazi yao ya kuongeza damu. Aliwaomba waifanye kwa usahihi tu. Maman Cibalonza alichukua chupa zake, akazimwaga zote chini ya maua ya varanda. Kesho yake sisimizi walikuwa wamejipanga pale msururu mrefu mpaka ukutani. Wao hawakuhitaji asidi.

Jumapili iliyofuata beseni la enamel lilikuja na maharagwe yaliyopikwa, chini ya kitambaa kile kile. Jumatatu yake tube ya Maman Nsimire ilikuwa ya kijani, na wekundu haukurudi tena. Insuline, ambayo kila Jumapili ilikuwa inashindana na beseni zima, sasa ilikuwa na kazi inayowezekana. Jumatano Médecin Directeur alifungua bandeji, akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema, "Kidole tu." Alikata kidole. Mguu ukabaki. Sikukuu iliyofuata nilikwenda kumsikiliza kule Kadutu, akiwa amejaza pamba kwenye ncha ya kiatu, anaongoza kwaya wima.

Baada ya hapo nilidhani nimeielewa sukari. Nilihamishiwa Walungu, kwenye kituo cha watoto wenye bwaki, ule ugonjwa wa kukosa chakula chenye kujenga mwili, ambao huvimbisha miguu ya mtoto na kugeuza nywele zake kuwa nyekundu. Mkuu wetu alikuwa Sœur Responsable, mtawa mfupi mwenye funguo nyingi. Siku ya kwanza alinipa kijiko akaniamuru nitie sukari kwenye maziwa ya watoto, pamoja na mafuta. Nikamwambia naijua sukari, nimeona inachofanya.

"Umeona ilichofanya kwa maman mmoja," akasema. "Hapa ni dawa. Dawa ina dozi, na ina mwisho. Tia."

Nilitia, nikawaona watoto wakipata nguvu ya kulia kwa sauti, ambayo pale ilikuwa dalili njema. Lakini niliona pia jambo lingine. Baadhi ya mama walirudi nyumbani wakiamini kwamba aliyemponya mtoto ni sukari. Wakaacha maharagwe, wakampa chai tamu asubuhi na jioni, na mtoto akarudi kwetu na uvimbe ule ule, safari hii na meno ya mbele yaliyooza. Wadudu wa kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Tumbo likijaa utamu halina nafasi ya chakula. Tulipompelekea Sœur malalamiko yetu, hakubishana. Tangu hapo kila mama aliyeruhusiwa kuondoka alipika mbele yetu uji wa mtama, soya na ndagala, yaani dagaa, waliosagwa, akauonja, akamlisha mtoto wake.

Kutoka Walungu nilipelekwa Luberizi, bondeni, kwenye dispensari iliyozungukwa na mashamba ya mpunga. Chef wa Kituo pale alikuwa mtu mnene na mcheshi, mwenye kreti ya sucré chini ya meza. Yeye alinifundisha upande wa pili wa ugonjwa wa sukari. Tulikuwa tunaita diabète ya wembamba na diabète ya unene. Ya pili haigongi mlango. Inakuja polepole kwa mtu aliyenenepa, ambaye kila siku anakunywa utamu kuliko mwili unavyoweza kuutumia. Ini lake linajaa mafuta, kufuli linachoka, presha inapanda, na moyo unafuata. Nilimpima kwa mzaha siku moja, kisha hatukuendelea kucheka. Alipunguza kreti, akaanza kutembea mashambani jioni, na miaka ilipita kabla hajahitaji dawa.

Msinielewe vibaya. Sikubali wanaosema sukari ndiyo mama wa kila ugonjwa. Kuna watu waliozaliwa na kongosho dhaifu, kuna waliorithi, kuna waliougua bila kosa la kijiko. Mimi mwenyewe natia sukari kwenye chai, kidogo, na naifurahia. Ninachokataa ni ile inayoingia kwa mlango wa nyuma ikiwa na jina lingine: damu, nguvu, heshima kwa mgeni, tuzo kwa mtoto. Kila mgonjwa niliyemhoji baada ya Maman Nsimire sikumwuliza tena kama anakula sukari. Nilimwuliza wageni wake wanamletea nini.

Niliporudishwa Bukavu, Chef alikuwa anastaafu, nami nikakabidhiwa kiti chake. Alinikabidhi funguo, taa ya pombe, na kile kishikizo cha mbao kilichoungua pembeni. Dawa ya bluu ilipoachwa na vijikaratasi vikaja, sikukitupa. Nilipostaafu mimi nilikibeba nyumbani, na sasa kinashikilia miche ya nyanya dirishani. Sina la kulalamikia. Nilifanya kazi niliyoipenda, chini ya wakubwa walioniacha niulize.

Chef alifariki akiwa mzee sana, akiwa na macho yake, na miguu yake yote miwili. Muda mrefu baadaye nilikwenda Muhungu kumwona mjane wake, nikiwa na kikapu cha maharagwe mekundu kilichofunikwa kitambaa. Alicheka alipokiona. Tulikaa tukiongea juu ya labo, nikamsimulia asubuhi yangu ya kwanza, tube iliyowaka na tube isiyo na jina, yule mgonjwa wa nje aliyekuwa anajitahidi. Nikasema sikuwahi kujua alikuwa nani.

Maman alinitazama, akaona kwamba sitanii.

"Ile ilikuwa ya kwake," akasema. "Aliugua mbele hata weye haujaenda Kisangani."

Nilimwuliza kwa nini Chef alituficha sisi, watu wa labo yake mwenyewe.

"Nilimuuliza vile vile. Akaniambia: wakijua niko mugonjwa, wataniletea grenadine."